Upower, TLP na betri mbili nilizonunua Kariakoo

Kazi yangu ni kunukuu mahojiano. Watafiti wananitumia sauti, mimi naandika kila kilichosemwa, pamoja na vikohozi na "eeh" zote. Sauti ya saa moja inanila saa tano, na kama mhojiwa alikaa jirani na mashine ya kukoboa, sita. Umeme ukikatika Tabata asubuhi na kazi inatakiwa jioni, bosi wangu wa siku hiyo ni betri.

Laptopu yenyewe ni ThinkPad T480, toleo lililotoka 2018. Nimeichukua mtumba 2022, ikiwa imeshatumikia ofisi ya watu huko ilikotoka. Gundi ya stika yao mpaka leo haijatoka mgongoni. Ina betri mbili. Moja ndogo imefungiwa ndani, ya pili inachomekwa kwa nje upande wa chini na inatoka kwa kubonyeza vilachi viwili. Linux, mfumo unaoendesha mashine hii badala ya Windows, inaiita ya ndani BAT0 na ya nje BAT1. Aliyeniwekea Linux Mint ni mtoto wa dada yangu, ambaye baada ya hapo alikwenda chuo Mbeya akaniacha nayo kama mtu aliyeachiwa mbuzi wa jirani: huruhusiwi kumchinja, na ukimpoteza ni kesi.

Mwaka jana mbuzi akaanza kuugua. Kialama cha betri pale chini kinasema imebaki saa 1 na dakika 20, mimi naenda kuinjika maharage, nikirudi skrini nyeusi. Mara ya kwanza nilijilaumu. Mara ya tatu nikampigia mtoto. Akaniambia, "Mamdogo, usikisikilize hicho kialama. Iulize betri yenyewe."

Haya ninayoandika ndiyo matokeo ya kuiuliza: programu nilizojaribu, na betri mbili za kubadilisha nilizonunua Kariakoo, moja ya hovyo na moja ninayoitumia sasa hivi.

Nianze na kitu ambacho hata si programu. Kwenye Linux, betri inaweka taarifa zake wazi kwenye mafaili, unazisoma kama unavyosoma barua. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

cat /sys/class/power_supply/BAT0/energy_full_design
cat /sys/class/power_supply/BAT0/energy_full

Namba ya kwanza ni ujazo ambao betri ilizaliwa nao. Ya pili ni ujazo ilionao leo ikijaa mpaka mwisho. Zinakuja na sifuri nyingi, kwa kuwa zinahesabiwa kwa sehemu ya milioni moja ya wati-saa. Rudisha nukta nyuma tarakimu sita uelewane nazo. Ya kwangu ya ndani ilitoa 24050000 na 14670000, yaani ilizaliwa na wati-saa 24.05 na imebakiwa na 14.67. Gawa ya pili kwa ya kwanza: 61%. Ya nje ilizaliwa na 23.94, imebakiwa na 9.82, yaani 41%.

Kwa lugha ya dumu la maji: dumu limeandikwa lita ishirini, lakini chini limejaa saruji. Ukilijaza, ni kweli limejaa. Kialama kinakwambia 100% na hakijakosea. Ila ukimimina unapata lita kumi.

Kuna faili jingine humo humo linaitwa capacity, na hapa niliaibika. Nililisoma nikakuta 100. Nikaona aah, kumbe betri nzima, tatizo ni kitu kingine, nikamtumia mtoto picha WhatsApp na vikatuni vya kucheza. Akanijibu kwa sauti, anacheka: "Mamdogo, hiyo ni chaji iliyomo sasa hivi. Umeichomeka tangu asubuhi, itaachaje kusoma mia?" Kosa langu lilikuwa na wakili, maana upower, programu ya kusoma betri ninayoifikia sasa hivi, nayo ina mstari unaoitwa capacity, na kwenye upower mstari huo ni afya kweli kweli, yaani ile hesabu ya kugawa. Neno moja, sehemu mbili, maana mbili. Waliopanga hivyo nadhani hawakuwahi kukutana.

Nikija kwenye programu, upower ndiyo ninayoipenda. Kwenye Mint nimeikuta ipo tayari, sikupakua chochote. Unaandika:

upower -i /org/freedesktop/UPower/devices/battery_BAT0

na unapata ukurasa mmoja: aliyetengeneza, modeli, wati-saa zilizomo sasa, zikijaa, za kuzaliwa, volti, wati zinazotumika dakika hii, na ile capacity ya haki. Ukisahau jina la betri yako, upower -e inakuorodheshea vyote. Matoleo mapya yanaonyesha pia mizunguko ya chaji, na mzunguko mmoja ni ujazo mzima uliotumika, hata kama uliutumia vipande vipande kwa siku tatu. Ya ndani yangu ilikuwa na mizunguko 712. Hapo niliacha kuilaumu. Mizunguko 712 kwa betri ya lithiamu ni uzee wenye heshima zake.

Ninachokilalamikia ni kile kinjia kirefu cha kuandika. Hakuna binadamu anayekikariri. Mimi nimekihifadhi kwenye faili la maandishi, nakopi nabandika.

Acpi ni fupi zaidi. Inabidi uiweke kwanza (sudo apt install acpi), halafu acpi -i inakupa mistari michache tu kwa kila betri: chaji iliyomo, ujazo wa kuzaliwa, ujazo wa mwisho kujaa, na asilimia pembeni. Kwa mtu anayetaka jibu bila mahubiri, inatosha. Mimi naiona bahili, haikwambii volti, na utaona mbele volti ndizo zilizoniokoa. Ipo pia ile ya kidirisha, gnome-power-statistics, yenye grafu. Grafu zake zinapendeza. Dada yangu, ambaye terminali inamtisha kama shimo, nimemwonyesha hiyo na ameiweza. Zaidi ya hapo sina la kuisemea.

Halafu kuna TLP. Hiyo ni programu ya kubana matumizi ya umeme, lakini ndani yake kuna amri moja, sudo tlp-stat -b, ambayo kwa sisi wa ThinkPad ni kama daktari bingwa. Inazipanga betri zote mbili, mizunguko yake, ujazo wake, kisha jumla. Na inafanya jambo ambalo upower niliyonayo hainifanyii: inakubali kuitia betri kwenye mtihani. Ukiandika sudo tlp recalibrate BAT0 huku chaja imechomekwa, inaimwaga betri mpaka chini, halafu inaijaza tena mpaka juu, bila wewe kuchomoa kitu. Kazi hiyo inataka keneli (kiini cha mfumo) ya Linux 5.17 au ya juu zaidi, kwa hiyo kama mfumo wako ni wa zamani sana usishangae ikikataa.

Niliifanya usiku mmoja, nikalala. Asubuhi nasoma: 14.67 imekuwa 13.90. Nilikasirika, nikadhani nimeiumiza. Mtoto akanielewesha. Betri ina kijichipu chake cha kukisia ujazo, na kama hujawahi kuimaliza kwa miezi, kinaendelea kukisia kwa mazoea. Ukiimwaga na kuijaza kinapima upya. Wati-saa 0.77 zilizopotea usiku ule hazikuwahi kuwepo. Kwa hiyo ukisikia fundi anakwambia "ngoja niikalibreti, itapona", mwache akalibreti ila usimlipe kwa kupona. Kinachorekebishwa ni mizani. Mzigo unabaki ule ule.

Tahadhari moja kuhusu TLP: haikai zizi moja na power-profiles-daemon, programu nyingine ya kusimamia umeme, ambayo mifumo mingi ya sasa huja nayo. Chagua fahali mmoja.

Sasa Kariakoo.

Baada ya kuona 41% niliamua kubadilisha ya nje kwanza, maana haihitaji bisibisi. T480 inapokea saizi tatu za betri ya nje: ndogo ya wati-saa 24 iliyolala sawa na mwili, ya 48, na ile kubwa ya 72 yenye nundu inayoinua laptopu kwa nyuma. Nilitaka ya nundu. Kuna watu wanaiona mbaya. Mimi naandika siku nzima, na kibodi kilichoinuka kidogo kinanifaa mikono.

Duka lenyewe sitalitaja. Ni moja ya vile vichochoro vya ghorofani vya vifaa vya kompyuta, kaunta ya kioo, chaja zinaning'inia kama mishikaki. Kijana akanikaribisha, "Dada karibu, T480? Ipo, orijino kabisa, mzigo wa juzi." Laki moja na ishirini. Tukavutana mpaka elfu tisini na tano. Nikamwambia nalipa ila naijaribu hapa hapa.

Hapa ndipo T480 inapofurahisha. Kwa kuwa kuna betri ya ndani, ya nje unaichomoa laptopu ikiwa inawaka. Nikabonyeza vilachi, nikaivuta ya zamani, kijana akaruka, "Dada, unaiua!" Haikufa. Nikachomeka mpya, nikafungua terminali, nikabandika kile kinjia changu kirefu, mwishoni nikabadilisha 0 kuwa 1. Ujazo wa kuzaliwa: 72. Ujazo wa sasa: 72. Mizunguko: 0. Capacity: 100%. Kijana akainama kusoma pamoja nami. "Umeona? Mia kwa mia. Nilikwambia."

Nikalipa, nikapanda daladala nikiwa na raha yangu.

Raha iliisha kesho yake. Mtoto alikuwa ameniandikia mistari ya kuandika kumbukumbu ya betri kila dakika, nami naibandika hapa maana imenifaa kuliko programu zote nilizozitaja:

while true; do echo "$(date +%H:%M) $(cat /sys/class/power_supply/BAT1/energy_now) $(cat /sys/class/power_supply/BAT1/voltage_now)" >> betri.txt; sleep 60; done

Unaichaji mpaka ijae, unaanzisha hiyo, unachomoa chaja, unafanya kazi zako za kawaida. Mashine hii humaliza ya nje kwanza ndipo ihamie ya ndani, kwa hiyo BAT1 inapimwa peke yake bila msaada. Nilianza saa nne kasoro dakika mbili asubuhi. Laptopu ilikuwa inakula kama wati 8, kwa hiyo kwa wati-saa 72 nilitegemea saa 9. Mpaka mchana kasi ya kushuka kwa asilimia ilikuwa nzuri tu, sikushuku kitu. Nikiwa katikati ya mama mmoja wa Kilosa anaeleza bei ya mpunga, kialama kikaruka kutoka kwenye hamsini na kitu kikaangukia betri ya ndani. Laptopu haikuzima. Kama nisingekuwa na faili la kumbukumbu ningesema ni kialama kimechanganyikiwa. Faili lilisema hivi:

14:03 39280000 9871000
14:04 39140000 9612000
14:05 39010000 9240000
14:06 0 9018000

Safu ya kati ni wati-saa zilizobaki, ya mwisho ni volti, nazo pia urudishe nukta tarakimu sita. Angalia saa nane na dakika tano: betri inadai imebakiwa na wati-saa 39, yaani 54%. Dakika moja baadaye ina sifuri. Nilitoa hesabu: nilitumia wati-saa 33 kwa saa 4 na dakika 7, basi. Hizo ndizo zilizokuwemo tangu nilipotoa elfu tisini na tano.

Lakini safu iliyonifundisha ni ya volti. Betri hii ina jozi tatu za seli zilizopangwa mfululizo, na seli moja ya lithiamu ikishuka karibu na volti 3 imekwisha, hakuna la kukamua. Mara tatu, ni 9. Sasa rudi kwenye 14:03. Asilimia zinasema nusu, volti zinasema 9.87 na zinaporomoka robo volti kwa dakika. Asilimia ni hesabu ya kichipu, na kichipu unaweza kukiandika upya: mizunguko 0, ujazo 72, kila kitu mia. Volti zinatoka kwenye seli zenyewe. Mtu anaweza kununua mfuko wa betri mchakavu, akabadilisha seli kwa za bei chee au asibadilishe kabisa, akafuta kumbukumbu ya kichipu, na upower itakusomea kwa uaminifu kile ilichoambiwa. Upower haijadanganya. Imepokea ushahidi wa uongo.

Hata ile mia kamili ilipaswa kunishtua pale kaunta. Betri ya kweli ikipimwa haiangukii sawasawa kwenye namba ya lebo. Inapungua kidogo, au inazidi kidogo. Mtoto wa shule akikuletea mia kwenye kila somo, unaomba kuona madaftari.

Jirani yangu anaoka keki, ana mizani ya gramu. Nikaenda kuazima kwa dakika mbili tu. Betri: gramu 262. Ile ya wati-saa 72 huwa na seli sita za duara, zile za 18650, na seli moja ya maana ina kama gramu 45 au zaidi. Sita peke yake ni 270, hujaweka plastiki, waya wala kile kichipu. Jirani akaniuliza inakuwaje kitu kiwe chepesi kuliko kilichomo ndani yake. Nikamwambia ndivyo na mimi ninavyouliza.

Nikarudi dukani na laptopu, betri, risiti na faili langu. Kijana alinisikiliza kwa adabu, akanipa utambuzi wake: "Dada, tatizo ni hiyo Linux. Inakula betri. Weka Windows, utaona." Nikamwambia kaka yangu, Linux ikila betri itaila haraka, haitaila nusu halafu nusu nyingine iipeperushe kwa dakika moja. Nikamwonyesha safu ya volti. Akaita mtu mzima aliyekuwa nyuma anachomelea kitu, fundi wao. Yule mzee hakuuliza habari za Windows. Alifuta mikono, akavaa miwani, akashusha kidole kwenye safu ya mwisho taratibu mpaka ilipofika 9.24, akanyamaza. Akainama chini ya kaunta akatoa boksi jingine, akaniwekea betri zote mbili viganjani, moja kushoto moja kulia.

"Unasikia?"

Nilisikia. Ya kulia ilikuwa nzito waziwazi.

"Hiyo utaongeza thelathini, mama."

Kilichoniudhi ni ile thelathini. Aliyeifikia betri nzuri chini ya kaunta bila kutafuta alijua zilizo juu ya kaunta ni za aina gani. Lakini nilikuwa nimeshapoteza siku mbili, na mizani ya viganja ilikuwa upande wangu, nikatoa. Jumla laki moja na ishirini na tano. Safari hii nikaomba waandike kwenye risiti "wati-saa 72, wiki mbili kurudisha ikishuka ghafla". Kijana akaandika "ikizingua". Nikaikubali.

Betri hiyo ya pili ilisoma 72.00 ya kuzaliwa, 70.31 ya sasa, mizunguko 2. Yaani 97.7%. Ajabu nilivyofurahi kuona namba mbaya kuliko ya kwanza. Kwenye mizani ya keki, gramu 331. Nikaipitisha kwenye mtihani ule ule, kazi ile ile ya kunukuu, mwanga wa skrini ule ule: saa 8 na dakika 15 mpaka ilipofika 5%, kwa matumizi ya wastani wa wati 8.1. Piga hesabu, ni karibu wati-saa 67, na hicho ndicho ilichodai. Volti zake zilishuka kama mtu anayeshuka ngazi ameshika ukuta, hakuna mahali zilipoteleza.

Kwa hiyo ukinunua betri ya mtumba au hata hizo wanazoita mpya, utaratibu wangu ni huu: upower pale kaunta kuondoa zile mbovu za wazi, na mtihani wa kumwaga nyumbani ndani ya siku za kurudisha. Wa kaunta peke yake hautoshi, mimi ni shahidi. Na mtihani wa nyumbani fanya siku ambayo umeme upo. Usije ukaanza kupima betri halafu ndiyo ikawa betri yako ya kazi, kama nilivyofanya kwenye jaribio la kwanza kabisa nikalazimika kumwandikia mteja kwa simu kuomba kesho.

Kwa wenye laptopu nyingine, baadhi ya mashine hazina faili la energy_full, zina charge_full, ambalo linahesabu kwa ampea-saa. Usihangaike kubadilisha, gawa charge_full kwa charge_full_design, asilimia ni ile ile. Na kuna zinazoandika mizunguko 0 siku zote kwa sababu tu mfumo wa ndani hauitoi hiyo taarifa. Sifuri ya namna hiyo si ushahidi wa utapeli. Ya kwangu niliyorudisha ilikuwa sifuri kwenye mashine ambayo najua inahesabu, maana ya zamani ilikuwa inasoma mizunguko yake vizuri dakika moja kabla.

Kutunza, nimerudi kwa TLP. Ndani ya /etc/tlp.conf nimeweka START_CHARGE_THRESH_BAT1=75 na STOP_CHARGE_THRESH_BAT1=80, na vivyo hivyo kwa BAT0. Maana yake, ikichomekwa inaacha kuchaji ikifika 80, na haianzi tena mpaka ishuke chini ya 75. Betri za lithiamu hazipendi kukaa zimejaa pomoni siku nzima, na zaidi hazipendi joto, na mimi naishi Dar es Salaam, kwa hiyo mojawapo angalau naweza kuidhibiti. Nimeacha pia kuiweka laptopu juu ya mto. Ikitangazwa kwamba kesho hakuna umeme, usiku naandika sudo tlp fullcharge BAT1, inajaza mpaka 100 kwa mara hiyo moja bila kuharibu mpangilio. Hii amri nimeipenda kupita kiasi. Kama ningetakiwa kubaki na kitu kimoja cha TLP, ningebaki na hii.

Miezi mitano imepita. Leo asubuhi BAT1 imesoma 68.94, mizunguko 61. Nanukuu kutwa nzima bila kuangalia kialama, na siku umeme ukikatika mimi ndiye ninayechaji simu za wapangaji wenzangu kwenye tundu la USB, mpaka nimeanza kuwakatalia.

BAT0, yule mzee wa ndani, bado yupo na 57% yake. Kumbadilisha kunataka kwanza uingie BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine, kwa F1 wakati wa kuwasha, Config, kisha Power, umzime kwa "Disable Built-in Battery", ndipo ufungue kifuniko cha chini. Skrubu zake hazitoki kabisa, zinabaki zimeshikwa na kifuniko chenyewe, kwa hiyo hutazitafuta chini ya kitanda. Kila Jumamosi napitisha kidole juu ya kile kibao cha mguso (touchpad) kuona kama kimeanza kuinuka, maana betri ya ndani ikivimba huko ndiko inakojionyesha, na ikivimba haingojwi. Mpaka sasa kiko sawa. Mtoto anarudi likizo mwezi wa saba, nimemwambia aje na bisibisi yake. Betri nitakwenda kuichukua mwenyewe, na mizani ya jirani nimeshaiombea ruhusa.